Deep Space Nine: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaojiunga nasi hapa Kisumu kutazama Star Trek: Deep Space Nine, na mengine hutufikia kutoka kwa wapenzi wa mfululizo huu walio Nakuru, Kakamega na Siaya. Tumejibu kwa urefu pale ambapo mjadala wetu wenyewe umekuwa mrefu, na kwa ufupi pale ambapo hakuna mengi ya kubishania. Majibu mengi yanafichua yatakayotokea katika hadithi; anayetaka kuyakuta mwenyewe asome maswali manne ya kwanza tu, kisha arudi baada ya msimu wa mwisho.

Deep Space Nine ni mfululizo wa aina gani?

Ni mfululizo wa televisheni wa bunilizi ya kisayansi ulioundwa na Rick Berman na Michael Piller katika familia ya Star Trek. Ulianza kuonyeshwa Marekani Januari 1993 na kumalizika Juni 1999, baada ya misimu 7 na vipindi 176. Kuanzia msimu wa tatu, aliyewaongoza waandishi alikuwa Ira Steven Behr, na sura ambayo wapenzi wengi wanaikumbuka leo ni kazi ya mikono yake na ya wenzake kama Robert Hewitt Wolfe na Ronald D. Moore.

Hadithi inaanza mwaka 2369. Sayari ya Bajor imetoka tu chini ya utawala wa mabavu wa Wacardassia, uliodumu kwa takriban miaka 50. Wavamizi wameondoka na kuacha nyuma kituo cha anga kiitwacho Terok Nor, ambako Wabajora walilazimishwa kusafisha madini ya sayari yao wenyewe kwa faida ya wageni. Serikali ya muda ya Bajor inaliomba Shirikisho la Sayari lisaidie kukiendesha kituo hicho, na anayetumwa ni Benjamin Sisko, mgane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Muda si mrefu mlango unagunduliwa angani, karibu na Bajor, unaoelekea upande wa pili wa galaksi, umbali wa miaka ya nuru 70,000, na kituo kilichotelekezwa kinageuka kuwa mahali ambapo kila mwenye biashara, imani au jeshi anataka kuwa na sauti.

Kwa nini watu wa Kisumu wanaupenda mfululizo wa Marekani wa miaka ya tisini?

Star Trek zilizotangulia husafiri. Chombo hufika kwenye sayari yenye tatizo, nahodha huamua, na kipindi kinapomalizika chombo kimekwisha kwenda zake. Wenyeji hubaki na matokeo ambayo mtazamaji hayaoni tena. Deep Space Nine haina pa kwenda. Kituo kiko palepale kwa miaka saba, na mtu aliyetendewa ubaya zamani huweza kukutana ana kwa ana na aliyemtenda, kwenye meza ya mkahawa au mlangoni pa hekalu, kisha wote wawili wakalazimika kurudi mahali hapohapo kesho yake.

Sisi tunaishi katika mji ambao reli ya mkoloni iliufikia mwaka 1901, na kituo chake cha mwisho ufuoni kikaitwa Port Florence. Reli, bandari na ofisi zilijengwa kwa mahitaji ya watu waliokwisha kuondoka, na bado tunapita ndani yake tukienda kazini. Mbajora anayenunua chakula kwenye sakafu ileile ambako mzazi wake alifanyishwa kazi ya kulazimishwa haitaji kuelezwa sana kwetu. Ndiyo maana tunashikilia kwamba huu ndio mfululizo wa Star Trek uliofikiri kwa kina kuliko mingine yote kuhusu maisha ya taifa baada ya uhuru, wakati ambapo bendera imebadilishwa lakini hesabu za zamani hazijafungwa, na wanaopaswa kuzifunga ni majirani.

Je, ni lazima nitazame Star Trek nyingine kwanza?

Hapana. Kipindi cha kwanza kinaeleza kila unachohitaji kujua kumhusu Sisko na jinsi mkewe alivyokufa. Worf, anayejiunga katika msimu wa nne, anatoka kwenye mfululizo uliotangulia, na anayemfahamu atafurahi kumwona tena, lakini asiyemfahamu hatapotea.

Nimeambiwa msimu wa kwanza unachosha. Niuruke?

Usiuruke wote. Ni kweli kwamba waandishi walikuwa bado wanatafuta njia, na kipindi kama “Move Along Home” kinaweza kuachwa bila hasara yoyote. Hata hivyo, ukiuruka msimu huu utakosa “Progress”, ambapo Meja Kira Nerys, aliyekuwa mpiganaji wa ukombozi na sasa ni afisa wa serikali, anatumwa kumhamisha mkulima mzee anayekataa kuondoka kwenye mwezi ambao unahitajika ili Wabajora wengi wapate nishati ya kupasha nyumba zao joto. Serikali ina sababu nzuri na mzee ana haki yake. Yeyote aliyewahi kuona familia ikiambiwa iipishe barabara au bwawa ataelewa kwa nini Kira, ambaye maisha yake yote alikuwa upande wa mnyonge, anapata shida kusimama mlangoni pa mzee huyo akiwa amevaa sare. Utakosa pia “Duet”, na hilo sisi hatuwezi kulishauri hata kidogo.

Kwa nini “Duet” hutajwa katika kila mazungumzo?

Kwa sababu ni kipindi kilichotengenezwa kwa fedha kidogo, karibu chote watu wawili wakizungumza katika chumba cha mahabusu, na bado hakuna vita vya angani katika misimu saba vinavyokizidi. Mcardassia mgonjwa anafika kituoni. Ugonjwa wake unaweza kuwa umetokana tu na ajali iliyotokea katika kambi ya kazi ya Gallitep, kwa hiyo Kira anajua mara moja kwamba mtu huyu alikuwako. Anadai kwamba alikuwa karani wa majalada tu, jina lake Marritza. Kisha ushahidi unaonyesha kwamba yeye ndiye Gul Darhe’el, mkuu wa kambi, na mwenyewe anaanza kujigamba kwa mauaji aliyoyasimamia. Ukweli unaojitokeza mwishoni ni kwamba Marritza kweli alikuwa karani, mtu aliyeziba masikio usiku ili asisikie vilio, na ambaye amejibadilisha sura kwa makusudi ili ashtakiwe na kuuawa kwa jina la mkuu wake, akitumaini kwamba kesi hiyo italilazimisha taifa lake kukiri lilichofanya. Harris Yulin, aliyeigiza nafasi hiyo, anapita kutoka majivuno hadi machozi katika pumzi moja.

Tunapokitazama hapa, mazungumzo hayabaki Bajor kwa muda mrefu. Wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwafungia washukiwa wa Mau Mau katika kambi nyingi, na mojawapo ilikuwa kwenye kisiwa cha Mageta, humuhumu ziwani kwetu, upande wa Siaya. Kwa miaka mingi majalada mengi kuhusu kambi za Kenya yalifichwa Uingereza, hadi kesi ya wazee waliodai haki ilipoilazimisha serikali ya nchi hiyo kukiri, mwaka 2011, kwamba yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park. Juni 2013 Uingereza ilitangaza kwamba inajutia mateso yaliyotendeka na ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228. Karani wa “Duet” aliandikwa miaka 20 kabla ya tangazo hilo, na waandishi wake walikuwa na historia nyingine akilini, lakini swali lake ni lilelile: ni nani atakayesema kilichokuwa ndani ya majalada, ikiwa waliotoa amri wamekufa kwa heshima?

Baadhi yetu huona kwamba Marritza hakuwa na haki ya kumtumia Kira kwa mpango wake, hata kama nia ilikuwa njema. Wengine huona kwamba ndiye Mcardassia wa kwanza aliyewaheshimu Wabajora vya kutosha kuwaambia ukweli. Mjadala huu haujapata mshindi.

Odo aliwatumikia Wacardassia kama mkuu wa usalama. Kwa nini aliachwa kazini?

Hili ni swali ambalo wazee wanaotazama nasi huliuliza kabla ya vijana. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, machifu, polisi na makarani wengi waliokuwa wakiitumikia serikali ya kikoloni waliendelea na kazi, na waliorudi kutoka vizuizini waliwakuta ofisini. Odo yuko katika hali hiyo. Anajiona kuwa mtu wa haki, asiye na upande, na kwa muda mrefu Wabajora wanamkubali hivyo. Kipindi cha “Necessary Evil” katika msimu wa pili kinarudi nyuma hadi siku alipoajiriwa na Dukat, Mcardassia aliyekuwa mkuu wa Terok Nor, kuchunguza mauaji, na “Things Past” katika msimu wa tano kinafichua kwamba aliwahi kuwaacha Wabajora watatu wasio na hatia wauawe kwa sababu alijali utaratibu kuliko uchunguzi.

Tunachokithamini ni kwamba mfululizo haumsafishi. Kira, rafiki yake mkubwa, anamwuliza kama kulikuwa na wengine, na Odo hana hakika. René Auberjonois aliigiza nafasi hii akiwa amefunikwa uso kwa kinyago cha mpira kilichomwachia macho na sauti tu, na kwa hivyo viwili akatuonyesha mtu anayegundua kwamba kutokuwa na upande kulikuwa upande.

Je, Kira alikuwa gaidi?

Alitega mabomu, na baadhi ya waliokufa hawakuwa askari. Yeye mwenyewe hakani, na mfululizo haumtaki ajute kwa namna ambayo ingewafurahisha wavamizi. Jibu bora liko katika vipindi vya mwisho, wakati Cardassia yenyewe imekaliwa na washirika wake wa Dominion, dola kubwa kutoka upande wa pili wa ule mlango wa angani, na Kira anatumwa kumfundisha Damar, afisa wa Kicardassia, mbinu za kupigana msituni. Damar anapopata habari kwamba familia yake imeuawa, anauliza kwa uchungu ni watu gani wanaoweza kutoa amri ya kuua wasio na hatia, na Kira anamrudishia swali lake mwenyewe. Hakuna hotuba ndefu. Nana Visitor aliisema sentensi hiyo kwa upole unaoumiza kuliko hasira.

Sisko ana umuhimu gani kwa mtazamaji wa Kiafrika?

Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alikuwako tangu 1966, lakini Sisko ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa mhusika mkuu na kiongozi katika mfululizo wa Star Trek. Avery Brooks, aliyemwigiza, alikuwa pia mwalimu katika Chuo Kikuu cha Rutgers, na alileta uzito wa mtu aliyezoea kusikilizwa. Chumba cha Sisko kina sanaa ya Kiafrika ukutani. Anapika mwenyewe, ujuzi aliourithi kwa babake mwenye mkahawa New Orleans. Kwetu, hata hivyo, jambo kubwa zaidi ni ubaba. Sisko humkumbatia mwanawe Jake, humbusu kichwani, humwambia kwamba anampenda, na hufanya hivyo tangu mtoto akiwa mdogo hadi akiwa mrefu kuliko yeye. Wanaume kadhaa wanaotazama nasi wamesema kwamba hawakuwahi kuona hilo kwenye televisheni, na wengine wamesema hawakuwahi kuliona nyumbani. “The Visitor”, kipindi cha Oktoba 1995 kuhusu Jake anayezeeka akijaribu kumrudisha babake, hutazamwa hapa kwa ukimya, na Tony Todd anayeigiza uzee wa Jake anastahili kila sifa aliyopewa.

“Far Beyond the Stars”, cha Februari 1998, kiliongozwa na Brooks mwenyewe. Sisko anajikuta New York mwaka 1953 akiwa Benny Russell, mwandishi mweusi wa jarida la hadithi za kisayansi, ambaye ameandika kuhusu kituo cha anga kinachoongozwa na nahodha mweusi. Mhariri anaipenda hadithi lakini anasema wasomaji hawataikubali, na mwishowe mwenye jarida anaona heri kuharibu toleo zima kuliko kulisambaza. Waigizaji ambao kwa kawaida huvaa vinyago wanaonekana kwa nyuso zao halisi. Mtu yeyote anayeandika hadithi za mbeleni kwa Kiswahili au Dholuo, na kuambiwa kwamba watu wetu hawahitaji mambo ya anga, anapaswa kukitazama kipindi hiki.

Kwa nini “Past Tense” ilizungumzwa sana mwaka 2024?

Kwa sababu hadithi yake inatokea mwaka huohuo. Katika vipindi hivyo viwili, vilivyoonyeshwa Januari 1995, Sisko, Bashir, daktari wa kituo, na Dax, afisa wa sayansi, wanatupwa San Francisco ya 2024. Sisko na Bashir hawana vitambulisho, kwa hiyo wanafungiwa katika mtaa uliozungushiwa ukuta ambamo jiji linawaweka wasio na kazi na wasio na makao, ili wengine wasiwaone. Waandishi walichochewa na umaskini waliouona barabarani California, na pia na maasi ya gereza la Attica ya mwaka 1971. Wakazi wanateka ofisi ya serikali, na dai lao kubwa ni kusikika: wanataka mtandao ufunguliwe ili kila mmoja aeleze kwa sauti yake jinsi alivyofika pale.

Wapenzi kote duniani waliisubiri tarehe hiyo kama mchezo wa kalenda. Kenya ilitangulia. Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Nairobi, Kisumu, Nakuru, Eldoret na kwingineko. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bunge, watu waliuawa, na kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Vijana hao walikuwa wamejipanga na kuelimishana kwa simu zao, wakisoma vifungu vya mswada kwa sauti mbele ya maelfu ya wasikilizaji. Hatusemi kwamba mfululizo ulitabiri Kenya. Tunasema kwamba waandishi wa 1995 walielewa jambo moja kwa usahihi mkubwa: wenye mamlaka hustahimili kelele kwa muda mrefu, lakini hutikisika wananchi wa kawaida wanapoanza kusimulia maisha yao hadharani, mmoja baada ya mwingine. Tulipovitazama tena baadaye mwaka huo, kuna waliotoka nje kabla ya mwisho, kwa kuwa tukio la askari kuingia wakifyatua risasi lilikuwa karibu mno.

Je, Sisko alifanya sawa katika “In the Pale Moonlight”?

Anaghushi ushahidi ili Waromulan, dola ambayo bado haijachukua upande, waingie katika vita dhidi ya Dominion upande wa Shirikisho, na Garak, fundi cherehani aliyekuwa jasusi, anaukamilisha mpango huo kwa kumwua seneta. Mamilioni huenda wakaokoka. Nusu yetu husema hakuwa na njia nyingine; nusu husema kiongozi anayejipa ruhusa hiyo mara moja atajipa tena. Kinachotukera kidogo ni kwamba mfululizo haurudi tena kwenye jambo hilo, ingawa kwa kawaida ni hodari wa kurudi.

Dini inachukuliwaje?

Kwa heshima, na hilo ni nadra katika bunilizi ya kisayansi. Wanaoishi ndani ya ule mlango wa angani ni Manabii kwa Wabajora na ni viumbe wa ajabu kwa wanasayansi, na hadithi haimlazimishi yeyote kuacha lugha yake. Sisko, ambaye hakutaka kuwa Mjumbe wa Manabii, hukua hadi kuikubali nafasi hiyo. Upande wa pili yuko Winn, aliyeigizwa na Louise Fletcher, kiongozi wa dini anayezungumza kwa tabasamu huku akitafuta madaraka. Magharibi mwa Kenya tuna makanisa mengi na tumewaona viongozi wa aina zote mbili, wale wanaobebwa na imani na wale wanaoibeba imani kama fimbo.

Ni kweli kwamba mwigizaji wa Daktari Bashir ni mzaliwa wa Sudan?

Ndiyo. Alexander Siddig alizaliwa Sudan na kulelewa Uingereza. Katika misimu mitatu ya kwanza jina lake liliandikwa Siddig El Fadil.

Kwa nini baadhi ya watazamaji humtetea Dukat?

Kwa sababu Marc Alaimo alimwigiza kwa mvuto mkubwa, na kwa sababu Dukat mwenyewe anaamini kwamba alikuwa mtawala mwema. Hudai kwamba alipunguza mateso, akiongeza mgao wa chakula, na hashangai kamwe kwa nini alikuwa na mamlaka ya kugawa chakula cha wengine. Waandishi walipoona kwamba watu wanampenda kupita kiasi, waliandika “Waltz” katika msimu wa sita ili kuondoa shaka. Tunawaomba wageni wetu wamsikilize kwa makini anapolalamika kwamba Wabajora hawakumjengea hata sanamu moja.

Mwisho uliridhisha?

Kwa kiasi kikubwa. Vita vinakwisha, lakini Garak anarudi nyumbani kuikuta Cardassia ikiwa na wafu milioni 800, na hakuna anayeshangilia. Sisko anachukuliwa na Manabii, akimwacha mkewe Kasidy akiwa mjamzito. Katika toleo la kwanza alikuwa anaondoka moja kwa moja. Brooks alipinga picha ya mwanamume mweusi anayemwacha mke na mtoto, na mazungumzo yakabadilishwa ili aahidi kurudi. Tunaona alikuwa na haki kabisa, na tunaona pia kwamba mazungumzo ya mwisho na Jake, ambayo hayakuandikwa, ni pengo ambalo halina utetezi.

Mbona picha hazing’ai kama za mifululizo mingine ya zamani?

Uigizaji ulirekodiwa kwenye filamu, lakini uhariri na picha za kiteknolojia zilifanywa kwa video ya ubora wa wakati huo, na kuutengeneza upya mfululizo mzima kungegharimu sana. Filamu ya hali halisi iitwayo “What We Left Behind”, iliyochangiwa fedha na wapenzi wenyewe, ina baadhi ya matukio yaliyosafishwa, na ukiyaona utatamani yote yawe hivyo.

Naweza kutazama pamoja na watoto?

Vipindi vingi vinafaa kuanzia umri wa miaka kumi hivi. “Hard Time”, kuhusu O’Brien, fundi mkuu wa kituo, na kumbukumbu za kifungo, kinagusa kujiua na kinahitaji mtu mzima karibu. “The Siege of AR-558” ni kipindi cha vita bila mapambo, na humo ndimo Nog, kijana wa kwanza wa Waferengi, jamii ya wafanyabiashara, kuingia Starfleet, jeshi la Shirikisho, anapoteza mguu. Ukiwaonyesha vijana hicho, waonyeshe pia “It’s Only a Paper Moon” kinachofuata baadaye katika msimu huohuo, ambapo amepewa mguu mpya wa bandia lakini Nog anakataa kutoka katika ulimwengu wa kuigiza kwa sababu huko hakuna anayekufa. Aron Eisenberg, aliyemwigiza hadi mwisho na ambaye alifariki mwaka 2019, alieleza kwamba wanajeshi waliorudi kutoka vitani walimwendea kumshukuru kwa kipindi hicho. Tenga muda wa kuzungumza baada yake, kwa kuwa vijana huwa na maswali mengi, na mara nyingi yanahusu mjomba au jirani aliyerudi kutoka Somalia akiwa kimya.